Kabla hujaniambia pampu imekufa

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano hivi naanza kuletewa vijana wa atachi, wawili watatu, wengine wa yunivasiti wengine wa teknikali, ovaroli bado ina mistari ya pasi, na kila mmoja akili yake iko kwa pampu tu. Anataka kufungua. Anataka kuona impela, lile gurudumu la mapezi linalozunguka ndani. Mimi nao siku za kwanza siwapatii hata spana, nawapa daftari na penseli nawaambia nendeni mkachore paipu. Kutoka tenki ya chini mpaka tenki ya juu, kila kona, kila valvu, kila mahali paipu inabadilisha saizi, na urefu mpime kwa tepu, si kwa macho. Wananuna. Najua wananuna juu nawaona wakiangaliana. Kuna mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa, "Injinia, samahani, lakini si sisi tulikuja kusomea pampu, si uplamba?" Nikamwambia chora kwanza, tutaongea.

Hii kazi ya pampu za sentrifuga, zile ambazo impela inazunguka ikirusha maji nje, niko nayo tangu miaka ya 1990, sehemu kubwa hapa hapa Industrial Area, Nairobi, na kama kuna kitu kimoja ningetaka kijana aondoke nacho kwangu hata akisahau mengine yote ni hiki: pampu haiamui peke yake itatoa maji kiasi gani. Paipu ndiyo inaamua. Naandika hapa juu nimechoka kuyarudia haya maneno kwa voisi noti za WhatsApp saa tatu usiku, mtu ako kwa saiti Ruai anasema pampu imekufa na mimi niko kwangu nataka kula.

Sasa tuingie ndani. Pampu ya sentrifuga ukiifungulia tu maji bila kizuizi itatoa mengi lakini haitapandisha mbali, ukiibana valvu itapandisha juu lakini itatoa kidogo, na hiyo ndiyo maana ya ule mstari kwa katalogi unaoanza juu kushoto ukishuka kulia. Hiyo kila mtu anaijua, walifundishwa darasani. Kitu hawafundishwi vizuri ama wanafundishwa na wanasahau baada ya mtihani ni kwamba paipu nayo iko na mstari wake, na wenyewe unapanda. Unaanza na ule urefu wa kupandisha maji, tofauti ya tenki mbili, halafu unaongeza msuguano, na msuguano unapanda kwa skwea ya kiasi cha maji. Mahali mistari miwili inakutana ndipo pampu itafanya kazi, upende usipende, hata ukiwa na pampu ya bei gani.

Nawapatia mfano wa ploti. Kuna ghorofa tano huko Kasarani, mwenye nyumba alikuwa amenunua pampu ya hosipawa moja, wapangaji wa juu wakalalamika maji hayafiki haraka, akaambiwa na mtu wa duka hiyo ni ndogo mzee, chukua moja na nusu. Akachukua. Ikasaidia kidogo. Akaambiwa chukua tatu. Akachukua tatu, na stima ikapanda mpaka akaanza kushuku keateka anauzia jirani stima. Vijana walipoenda kuchora paipu wakapata ni ya inchi moja kutoka chini mpaka juu, na kona huwezi kuhesabu, juu plamba alikuwa anazunguka kila dirisha. Nikawaambia pigeni hesabu. Tenki ya juu iko mita 20 juu ya ile ya chini. Kusukuma kyubiki mita 3 kwa saa kwa hiyo paipu unapoteza kama mita 6 kwa msuguano, kwa hivyo pampu inahitaji hedi, yaani ule urefu wa kupandisha ukiongeza msuguano, ya mita 26. Sasa mzee anataka maji mara mbili, kyubiki 6 kwa saa. Kijana mmoja akasema haraka haraka msuguano utakuwa 12. Hapana. Ni 24. Jumla ni mita 44, na nguvu ambayo maji yenyewe yanahitaji imepanda zaidi ya mara 3 ndio upate maji mara mbili tu. Halafu nikawaambia rudisheni ile pampu ya kwanza kwa hesabu, lakini mbadilishe paipu iwe inchi moja na nusu. Kipenyo kikipanda msuguano unashuka, kwa pawa ya tano hivi, kwa hivyo kutoka inchi moja hadi moja na nusu msuguano unaanguka zaidi ya mara 7. Ile 24 inakuwa kama 3 na kitu. Hedi yote mita 23 na kitu. Pampu ya hosipawa moja ikichaguliwa vizuri inaifanya hiyo kazi bila jasho.

Mwenye nyumba alikubali? Alikubali kwa shingo upande, juu paipu haionekani, mtu akitoa pesa anataka kuona chuma kikubwa kimepakwa rangi. Na hapo niseme kitu ambacho wenzangu wengine kwa hii biashara hawatapenda. Mtu anayeuza pampu kwa komisheni hana sababu yoyote ya kukuambia shida yako ni paipu. Vijana wangu wengi wataishia kwa mauzo, huko ndiko kazi ziko, na nawaambia mapema, siku utamwambia kasitoma "usinunue, badilisha paipu" utapoteza komisheni ya siku hiyo na bosi wako pengine atakuangalia vibaya, lakini huyo kasitoma atakupigia wewe simu kwa miaka yote inayokuja na atakuletea shemeji zake wote. Nimeona inafanya kazi. Pia nimeona watu wakiuza kubwa kubwa na wakajenga nyumba Kitengela, kwa hivyo sitadanganya mtu.

Basi tukitoka hapo ndio tunaingia kwa upande wa sakshen, pale maji yanapoingilia pampu, na huku ndiko vijana wengi wanakwama, na si vijana pekee, hata mafundi wa miaka mingi.

Pampu ya sentrifuga hainyonyi maji. Najua kila mtu anasema inanyonya, hata mimi nasema nikiwa na haraka. Ile impela ikizunguka inarusha maji nje, katikati yake presha inashuka, na hewa iliyo juu ya maji kwa tenki ama kwa kisima ndiyo inayoyasukuma maji yaingie. Hewa ikiwa hafifu, msukumo ni mdogo. Na sisi tuko Nairobi. Tuko juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mombasa hewa inaweza kushikilia maji mpaka urefu wa mita 10.3, hapa kwetu ni kama mita 8.4, na hiyo ni kwa nadharia, ukitumia pampu isiyo na mahitaji yoyote na paipu isiyo na msuguano, vitu ambavyo havipo. Katalogi nyingi nazo zimeandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Kijana anasoma hapo "inainua mita 8" anaenda kuiweka Limuru, ambako ni juu hata kuliko hapa, halafu anashangaa.

Ongeza joto sasa. Maji baridi ya nyuzi 20 mvuke wake unakula kama sentimita 20 na kitu tu ya zile mita 8.4, si kitu. Maji ya nyuzi 80, yale yanayorudi kutoka kwa laini za stimu kurudi boila, mvuke unakula karibu mita 5. Ukizingatia pia maji moto ni mepesi kidogo, hapa Nairobi unabaki na kama mita 3.7 kabla hata hujatoa msuguano wa paipu, wakati mwenzako wa Mombasa na maji hayo hayo ako na 5.6 hivi. Pampu ile ile, maji yale yale, Mombasa inatulia na hapa inapiga kelele.

Na kelele yenyewe ukishaisikia hutaisahau, ni kama mtu amemwaga kokoto ndani ya kesingi, lile ganda la pampu. Ni vipovu vya mvuke, maji yanachemka pale kwa mdomo wa impela juu presha imeshuka chini ya ile ya mvuke, vikifika mahali presha iko juu vinajifinya ghafla na vinapiga chuma. Impela inatobolewa tobolewa. Kuna kiwanda kimoja upande wa Lunga Lunga Road walikuwa wamebadilisha beringi, wakabadilisha tena, wakabadilisha na impela, kelele iko pale pale, fundi wao anaapa beringi ni feki. Nikaenda na binti mmoja wa atachi, mnyamavu sana, sikutarajia mengi kusema ukweli. Akaweka geji ya vakyumu kwa sakshen, akashika tempricha ya maji, akapima kimo cha tenki, akakaa chini kwa ndoo iliyopinduliwa akapiga hesabu kwa simu. Akanyanyua kichwa akamwambia fundi, "Mzee, naomba kuuliza, hii tenki ilikuwa hapa chini tangu mwanzo?" Fundi akasema hapana, ilikuwa juu ya stendi, tuliishusha wakati tulikuwa tunapanua stoo. Wakairudisha juu mita mbili na nusu hivi. Kelele ikaisha. Beringi hazikuwa feki.

Hapo kuna jambo moja naliongezea kila kundi. Ile NPSH inayoandikwa kwa katalogi, yaani zile mita za msukumo kwa sakshen ambazo pampu "inahitaji" ndio maji yasichemke ndani, inapimwa wakati hedi imeshaanguka kwa asilimia 3. Yaani hiyo namba ni pale ambapo pampu tayari inaumia, si pale inapoanza kuumia. Kwa hivyo ukiwa na mita 3 na pampu inahitaji 3, hujafika salama, umefika matanga. Acha nafasi. Mimi kwa maji moto napenda hata mita moja na nusu juu ya ile namba, na nikiweza zaidi naweka zaidi.

Vitu vingine vya sakshen nitavipitia mbio. Usiweke kona imegusana na mdomo wa pampu, acha paipu nyoofu angalau mara 5 ya kipenyo, 10 ikiwezekana, juu maji yakiingia yamejipinda impela inalishwa upande mmoja. Ridyusa ya sakshen, ile ya kupunguza saizi ya paipu, kama unavuta kutoka chini iwe ile ya upande mmoja bapa, na ule ubapa uangalie juu, ndio hewa isijifiche hapo. Paipu ya sakshen isiwe ndogo kuliko mdomo wa pampu, tafadhali, naomba. Na usibane sakshen kwa valvu kupunguza maji, bana dilivari, upande maji yanapotokea. Hii ya mwisho nimeona ikifanywa na mtu mwenye digrii.

Sasa nirudi kwa ile simu ya saa tatu usiku. Mazungumzo huwa hivi.

"Injinia, shikamoo, pampu imekufa."

"Marahaba. Nani amesema imekufa?"

"Fundi wa hapa."

"Geji inasema nini?"

"Hakuna geji."

"Basi kijana wangu bado hujaniambia kitu."

Si ujeuri. Pampu ya sentrifuga inaweza kukuambia yenyewe kama iko sawa, kwa dakika moja, kama uko na geji ya presha ya shilingi elfu moja hivi na katalogi. Hakikisha imejaa maji, iwashe, funga valvu ya dilivari pole pole mpaka mwisho, soma geji, fungua tena haraka. Sekunde chache tu, usiiache hivyo ukaenda kunywa chai juu maji yaliyo ndani yatachemka na sili, ile inayozuia maji kuvuja kwa shafti, itakufa kweli. Hiyo namba uliyosoma igeuze kuwa mita, bar moja ni kama mita 10.2 ya maji, ongeza ama toa ile ya sakshen, halafu linganisha na mahali mstari wa katalogi unagusa sifuri ya maji. Zikikaribiana, pampu yako ni nzima, hebu toka hapo uende ukatafute shida kwa paipu, kwa valvu, kwa chujio limeziba, kwa non-ritani, ile valvu ya kuzuia maji yasirudi, iliyokwama. Ikiwa chini sana, basi sasa tunaweza kuongea kuhusu pampu. Na tahadhari moja kubwa: hii ni ya sentrifuga peke yake. Usiende kufanya hivyo kwa pampu ya gia ama ya pistoni, hiyo itapasua kitu na usinitaje.

Ikiwa chini, kitu cha kwanza nauliza ni inazunguka upande gani. Hapa vijana hushangaa. Wanadhani sentrifuga ikizunguka kinyume itarudisha maji nyuma. Hairudishi. Bado itasukuma mbele, lakini kidogo na kwa hedi ndogo, na kwa hivyo unaweza kukaa nayo miezi ukilaumu umri. Mota ya fezi tatu inahitaji tu nyaya mbili zibadilishane mahali na inageuka. Nimeona mtaa mzima, transfoma imebadilishwa wikendi, nyaya zikarudishwa kinyume, Jumatatu kila ploti maji hayafiki juu na kila keateka anaita fundi wake wa pampu. Kijana wangu mmoja wa atachi na daftari lake alipita ploti baada ya ploti akiangalia feni ya mota na mshale ulio kwa kesingi.

Na ukitaka kujua kwa nini upande ni muhimu shika impela mkononi. Hii ndiyo siku wanaipenda, siku ninapowapatia impela. Nawauliza inazunguka hivi ama hivi? Karibu wote wanaizungusha kwa upande ambao mapezi yatachota maji, na ni kinyume. Mapezi yanapinda kurudi nyuma, maji yanateleza yakitoka. Denis Papin, yule Mfaransa wa karne ya 17, alitengeneza ya kwake 1689 na mapezi yalikuwa yamenyooka, na watu waliendelea na yaliyonyooka kwa muda mrefu sana. Halafu 1851, kwa yale maonyesho makubwa ya London, John Appold akaleta impela ya mapezi yaliyopinda, ikapimwa mbele ya watu ikatoa efishensi ya 68 kwa mia, na ya mapezi yaliyonyooka ikapata kama 24. Mara karibu tatu, kwa kupinda chuma tu. Kuna kijana aliniambia hiyo ilikuwa kama hadithi ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Sijui, mimi naona ni mtu aliyepima.

Halafu kuna shida ya pampu za mtumba. Watu wanaleta pampu nzuri kabisa kutoka Marekani, chuma safi, bei nzuri, kwa kibati imeandikwa mizunguko 3,500 kwa dakika. Huko stima yao ni hetzi 60. Sisi tuko 50, mota hiyo hapa itazunguka kama 2,900. Kiasi cha maji kinafuata spidi moja kwa moja, kwa hivyo unabaki na kama asilimia 83. Hedi inafuata skwea, unabaki na asilimia 69. Kwa hivyo pampu iliyoandikwa mita 60 hapa ni kama mita 41, na huyo mtu ameshachimba kisima na kuita wazee wa kanisa kuja kuombea maji. Nguvu nayo inafuata pawa ya tatu, na hiyo ndiyo sababu wauza draivu za spidi wanakuambia ukipunguza spidi kuwa asilimia 80 utalipa stima karibu nusu tu. Ni kweli kwa hesabu, 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.512. Lakini hawakuambii hedi nayo imeanguka mpaka asilimia 64. Kama maji yako yanazunguka tu kwa mfumo uliofungwa, kupoza mashine, sawa kabisa, draivu italipa yenyewe. Kama unapandisha kwa tenki ya juu, urefu wa jengo haupungui eti juu umenunua draivu. Unaweza kupunguza spidi mpaka pampu inazunguka, mota inaguruma, na tone halitoki. Rudi kwa ule mchoro wa mistari miwili.

Kuhusu hedi kwa mita, hii inawasumbua sana wale wanaotoka darasani wakifikiria presha tu. Pampu inayotoa mita 40 itatoa mita 40 za maji na mita 40 za dizeli. Geji ndiyo itasoma tofauti: maji kama bar 3.9, dizeli kama 3.3, juu dizeli ni nyepesi. Kijana anaona 3.3 anasema pampu imechoka. Haijachoka, ni kitu kingine kimepita ndani. Napenda kuwakumbusha mafuta yanayoendesha hizi matatu za Jogoo Road yamepandishwa kutoka Mombasa kwa bomba tangu 1978, karibu kilomita 450, na bahari iko sifuri na sisi tuko kule juu, ndio maana kuna stesheni za pampu njiani, Changamwe, Maungu, Mtito Andei, Sultan Hamud, zote sentrifuga. Ukipita Mombasa Road na basi usilale, angalia.

Nisisahau mafundi. Vijana wa digrii wakija wanakuwa na ile tabia ya kumuita fundi "huyu" na wanamuongelesha Kiingereza. Hiyo kwangu haiishi siku mbili. Mimi nilifundishwa na mzee ambaye hakumaliza darasa la nane, alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwa nyumba ya beringi, mpini kwa sikio, anafunga macho, anakwambia hii ya upande wa kapulingi imebaki wiki mbili. Na ilikuwa inabaki wiki mbili. Lakini huyo huyo mzee alikuwa anakaza glandi, ile inayobana pakini ya kuziba maji kwa shafti, mpaka tone haliwezi kutoka, na shafti ilikuwa inaliwa, pakini inaungua, harufu unaisikia kutoka getini, juu kwa macho yake kudondoka ni aibu. Pakini lazima idondoke, matone 40 mpaka 60 kwa dakika, hayo maji ndiyo yanaipoza. Sili ya mekanika ndiyo haifai kudondoka. Nilimheshimu, na pia glandi zake nilikuwa nazilegeza akienda lanchi. Kwa hivyo nawaambia vijana muite Mzee, ama Fundi, ukae karibu naye, ujifunze sikio lake, na geji yako usiiache kwa begi.

Watu wananiuliza pia kama kuna maisha kwa hii kazi. Iko. Maji ya Nairobi mengi yanashuka yenyewe kwa mteremko kutoka huko bwawa la Ndakaini, hiyo ni kweli, lakini yakishafika kwa mtaa kwa zamu yake mara moja mbili kwa wiki, kutoka tenki ya chini mpaka ya juu ni pampu, kila ploti, kila shule, kila hospitali, na visima virefu vya mitaa yote mipya ni pampu tupu. Ukitaka kuandikishwa na bodi ya mainjinia kama profeshono utahitaji miaka isiyopungua 3 ya kazi baada ya digrii, kwa hivyo andika unachofanya kila siku, na tarehe, na namba, si "nilisaidia kurekebisha pampu". Nimesaini vitabu vya watu wameandika hivyo mwezi mzima, sasa sisaini tena. Andika sakshen ilikuwa ngapi, dilivari ngapi, ampia ngapi kwa kila fezi, ulibadilisha nini na ikawa ngapi.

Yule binti wa tenki sasa ako na kazi yake, wanamtuma mpaka Naivasha kwa mashamba ya maua. Juzi alinipigia, si usiku, mchana. Hakusema pampu imekufa. Alisema, "Injinia, sakshen inasoma bar sifuri nukta tatu chini ya hewa, dilivari nne nukta moja, ampia ziko chini ya kibati, na mwenye shamba anataka ninunue kubwa zaidi." Nikamuuliza paipu ni ya inchi ngapi. Akacheka, akaniambia mchoro ameshautuma, niangalie simu.